Sura ya Rais kwenye Sketi ya Mama Faida

Kitenge kipya ambacho hakijaguswa na maji kina harufu yake, harufu ya wanga na rangi na kitu kinachokaribia mafuta ya taa. Wenzangu wakiinusa dukani huwaza harusi au sikukuu. Mimi huwaza makalio ya Mama Faida. Hasira hunipanda upya, na pamoja na hasira kicheko, na muuzaji hubaki ananitazama kama mtu aliyeachiwa mapema kutoka hospitali. Juzi imenitokea tena, nikatoka dukani bila kununua kitu. Ninyi wa rika langu mliokulia Kigoma miaka ile ya wakimbizi mtanielewa upesi. Wasiokuwepo wanisikilize tu, wala wasitegemee kwamba mwisho nitamsamehe mtu.

Tulikaa Gungu, vyumba viwili na kibaraza. Upande wa mlango alikaa mama na cherehani yake ya miguu. Mama ni Mha wa Mwamgongo, mtu wa maneno machache, na kwa kushona hakuwa na mpinzani mtaani kwetu. Upande wa pili alikaa baba na karabai. Wavuvi wa dagaa walimletea taa zao zilizogoma kuwaka, naye alizifungua, akazisafisha, akazipiga pampu mpaka zikaunguruma. Baba alikuwa Mkongo wa Baraka, ng'ambo ya ziwa. Alivuka kwa boti akikimbia vita kabla sijazaliwa, akamkuta mama anauza dagaa ufukweni Kibirizi, akampenda, akapeleka mahari Mwamgongo mbele ya wajomba wote. Karatasi ya ndoa hawakuwa nayo, na kwa nini waitafute wakati wajomba walishakula mahari? Kifua chake kilikuwa kibovu. Msimu wa mvua kilipiga mluzi, na mama alimchemshia tangawizi asubuhi na jioni.

Katikati yao, juu ya stuli, ilikaa redio ya kaseti, na ndiyo iliyotawala nyumba. Jioni ilikuwa taarifa ya habari kutoka idhaa ya Kiswahili ya ng'ambo, halafu mpira kama upo, halafu rumba. Baba aliipenda rumba ya Kilingala kupita kiasi. Gitaa lilipofika pale linapoachiwa likimbie peke yake, aliweka pampu chini, akafumba macho, na mteja angoje. Mama alilalamika kwamba karabai hazitengenezwi kwa macho yaliyofumbwa, lakini mguu wake kwenye cherehani ulikuwa umeshaanza kufuata ngoma. Nimekaa kwenye nyumba nyingi tangu wakati ule, na hakuna iliyonipa raha kama kibaraza kile.

Ndipo uchaguzi wa urais wa Kongo ukaja, na Gungu ikachanganyikiwa. Wakongo wa mtaani kwetu hawakuwa na haki ya kupiga hata kura moja, maana walikuwa ng'ambo hii, lakini walipiga kampeni kuliko wenye kadi. Wagombea wakubwa walikuwa wawili. Mmoja alihesabiwa kuwa wa mashariki, yaani wa kwetu, wa watu wa Kiswahili. Mwingine alikuwa wa magharibi, wa watu wa Kilingala. Saluni, kwenye mihogo ya kuchoma, kwenye bomba la maji, habari ilikuwa hiyo tu. Hata Waha ambao hawakuwahi kuvuka ziwa walikuwa na mgombea wao, na walimtetea kama wanavyotetea timu ya mpira.

Kiongozi wa kampeni zote hizo mtaani alikuwa Mama Faida. Yeye naye alikuwa wa Baraka, mfanyabiashara wa vitenge, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na nyumba yake ilitazamana na yetu. Nikiri kwamba nilimpenda. Alinipa vipande vya kitambaa nimshonee mwanasesere wangu, na wateja wake wote aliwaelekeza kwa mama. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa Kikongo, mtu wa kusikilizwa na wakubwa wa mjini. Mkimbizi aliyetaka kutambulishwa kwa ofisa yeyote alipitia kwake kwanza.

Mama Faida ndiye aliyeleta kitenge chenye sura ya mgombea. Kilivushwa kwa boti, marobota kwa marobota, rangi ya bluu na njano, na katikati ya kila duara mgombea wa mashariki akitabasamu ukubwa wa sahani ya wali. Wanawake walikivaa sokoni, kanisani, hata shambani Kidahwe. Mimi nikaamini kwamba kuvaa ndiko kupiga kura. Ingekuwaje vingine? Redio ilisema watu wanampa fulani kura, na niliona kwa macho yangu watu wanampa fulani migongo na vifua. Nikawa nazunguka Gungu nahesabu. Watoto waliokuwa wakioga uchi Kibirizi niliwahesabu kuwa bado hawajaamua. Jioni nilimpelekea baba matokeo, naye alisikiliza kwa heshima zote, akaniambia niendelee kuhesabu, nisije nikaibiwa kura.

Ugomvi ulianzia kwenye rumba. Nyimbo za baba zilikuwa za Kilingala, na Kilingala kilikuwa lugha ya yule mgombea mwingine. Kwa akili ya siku zile, mtu anayesikiliza muziki wa watu fulani ni mtu wa watu hao. Kwanza walimtania. Halafu utani ukakoma, na wateja wengine wa karabai wakaanza kupita bila kusalimia. Jumamosi moja mchana Mama Faida alivuka njia, akasimama mbele ya kibaraza chetu, mgombea kifuani na mgombea mgongoni, akamwambia baba azime redio.

"Sisi tunapigania inchi," alisema, "na wewe unatuchezea nyimbo ya bale batu ba kule."

Baba alikuwa na karabai mapajani. Hakuongeza sauti ya redio wala hakuipunguza.

"Gitare haipigi kura, Mama Faida."

Watu waliokuwa karibu walicheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichotumaliza, maana Mama Faida hakuwa amezoea kuchekwa. Alimtazama baba muda mrefu, akakusanya khanga yake mabegani, akarudi kwake. Mimi nilifurahi. Nilijua baba ameshinda.

Wiki ile ile walikuja wanaume watatu wenye mashati ya kupigwa pasi. Ilikuwa asubuhi, mama anakoroga uji. Hawakuijua nyumba, kwa sababu walisimama katikati ya njia wakageuka huku na huku. Mama Faida alikuwa kizingitini kwake na ufagio. Alichongoa midomo, vile tunavyoelekeza watu huku kwetu mikono ikiwa na kazi, na midomo ile ilielekea mlango wetu. Nilimwona, na mpaka leo nikifumba macho nawaona wale wanaume wakifuata midomo yake. Walimwambia baba kwamba mahali pa mkimbizi ni kambini. Mama aliwaambia kuhusu mahari na wajomba, nao wakamwomba karatasi. Baba alipanda gari na shati alilovaa. Karabai aliyokuwa akiisafisha ilibaki mezani imefunguliwa, na mvuvi mwenye nayo alikuja kuichukua vipande vipande kwenye ndoo.

Mama alizunguka ofisi mpaka viatu vikaisha. Kila mahali aliambiwa jambo lile lile: alete mtu anayeaminika katika jamii ya Wakongo aje kusema kwamba mtu huyu ni mume wake na anakaa naye siku zote. Mtu anayeaminika alikuwa mmoja tu, na alikaa ng'ambo ya njia. Mama hakwenda kwake. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye cherehani, na redio hakuiwasha tena.

Mimi nikaingia kwenye siasa kwa nguvu zangu zote. Mgombea wa Mama Faida lazima aanguke. Niliwashawishi watoto Kibirizi waendelee kuoga uchi. Vitenge vya bluu na njano vilivyoanikwa kambani kwa Mama Faida nilivirushia majivu vikiwa vibichi, nikijua kwamba kila kitenge kilichochafuka ni kura iliyoharibika. Nilivipiga matope, nilivifunga mafundo, kimoja nilikizamisha kwenye shimo la taka. Nilichapwa mara kadhaa, na kila fimbo niliihesabu kwenye deni lake. Sikujutia hata moja, na sasa nina watoto wangu na bado sijutii.

Lakini alishinda. Redio za jirani zilitangaza, na Gungu ikalipuka kwa vigelegele, ngoma na masufuria. Wanawake walitoka mbio barabarani, mgombea akirukaruka juu ya vifua vyao. Nilijificha chini ya meza ya cherehani, nikalia kwa hasira, maana niliona kwamba hata baba ameshindwa pamoja na yule wa magharibi. Mama aliniacha nilie. Alikuwa anapindia suruali ya mtu, na mguu wake haukusimama.

Siku ya pili Mama Faida akaja. Ndiyo, alikuja, na uso wake huo huo. Kutakuwa na sherehe kubwa ya ushindi kwenye ua wa baa moja hapo mtaani, watakuja wakubwa wa chama kutoka ng'ambo, na yeye ndiye atakayewapokea, maana wameshamwahidi nafasi huko kwao. Anataka sketi na blauzi ya kitenge cha rais, na kilemba chake. Fundi mwingine hamwamini. Alikitandika kitenge juu ya cherehani ya mama, harufu ya upya ikajaa kibarazani, nami nikangoja mama amtupie usoni. Mama akachukua futi kamba, akamwambia anyanyue mikono.

Alimpima taratibu, kifua, kiuno, mapaja, akimgeuza huku na huku. Na katika kugeuzwa huko, Mama Faida, labda kwa raha ya ushindi, labda kwa dhamiri kama alikuwa nayo, alisema neno ambalo mama hakuwa amemwomba.

"Nishonee muzuri, Mama Sifa, nami nitasemea bwana yako. Bale bakubwa balinisikia siku ile, batanisikia tena. Atarudia hapa."

Futi kamba ilisimama kiunoni. Nilikuwa mdogo, lakini hata mimi nililisikia. Kumbe hakuwa ameelekeza kwa midomo tu. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwa wakubwa wa mjini, akaketi, akaongea, akasikilizwa. Na katika sentensi hiyo hiyo alikuwa ameshika ufunguo wa kambi, anautikisa mbele yetu. Mama alimaliza kupima. Akaitikia kwa Kiha chake, "Ego, nimesikia. Njoo saa ya sherehe yenyewe, itakuwa tayari."

Lazima nieleze kazi ilivyo, kwa wasioijua. Kitenge chenye sura ya mtu hakikatwi kama kitenge cha maua. Fundi hukitandaza kwanza chote, akatafuta vichwa viko wapi, ndipo akapanga: kichwa kimoja katikati ya kifua, kimoja katikati ya mgongo, na kwenye sketi ama kinakaa mbele juu ya goti, ama kinakwepwa kabisa. Hakikatwi shingo, hakigeuzwi chini juu, na hakikaliwi. Fundi akikosea hapo mteja humrudishia nguo, na kama sura ni ya mtu mkubwa, mambo yanaweza kufika mbali. Mama alikuwa hajawahi kukosea.

Alinipa upande mmoja wa kitenge nishike. Tulikitandaza chini kwenye mkeka, vichwa vya rais vikatutazama vyote. Mama alichukua chaki, akachora kifua vizuri, mgongo vizuri. Halafu akaja kwenye sketi, kipande cha nyuma, akatulia. Alikaa hivyo mpaka mikono yangu ikachoka. Mimi nilidhani anapiga hesabu za kitambaa. Sasa najua alikuwa anapima kitu kingine, baba upande mmoja na midomo ya yule mwanamke upande wa pili, na hakukuwa na mtu wa kumshauri ila mtoto aliyetaka damu. Kisha akasogeza mchoro wa sketi chini kidogo, mpaka sura ya rais ikakaa pale pale, katikati, kwenye makalio.

"Shika vizuri, mwanangu," alisema. "Usiniharibie."

Blauzi aliishona na mkia mrefu wa marinda ulioteremka mpaka nyuma ya mapaja. Mtu akisimama wima, marinda yanafunika kila kitu. Akinyanyua mikono, yanapanda. Kioo chetu kilikuwa cha kutazamia uso tu. Mama Faida alifika wakati ngoma zimeshaanza, akavaa mbio, akajishika kifuani pale rais alipokaa sawasawa bila kasoro, akamsifu mama kwamba ana mikono ya dhahabu. Akatoka. Mama akafunga cherehani, akanishika mkono, tukafuata.

Ua ulijaa. Wakubwa walikaa mbele kwenye viti vya plastiki, suti na miwani. Wakafungulia muziki, na hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo. Walifungulia rumba. Rumba ya Kilingala, kaseti ile ile ya baba, wimbo ule ule aliokatazwa. Kamati nzima ya akina mama iliingia katikati ikiucheza na kuuimba, maneno yote wanayajua kwa moyo. Hakuna aliyesema huu ni muziki wa watu wa kule. Baba yangu alikuwa kambini kwa ajili ya wimbo, na waliompeleka walikuwa wanautokea jasho.

Gitaa likaachiwa. Mama Faida, mbele ya wakubwa, akawageuzia mgongo, akanyanyua mikono yote miwili na kuinama kidogo, vile wanavyocheza wenyewe. Marinda yakapanda. Rais akatokea, amebanwa barabara, na kila Mama Faida alipotikisa, rais alikonyeza jicho. Kicheko kilianzia kwa vijana ukutani, kikaenea. Yeye alidhani anashangiliwa. Akatikisa zaidi. Halafu, amechoka, akaenda kwenye kiti chake karibu na wakubwa, akamkalia.

Mzee mmoja mwenye suti alisimama, akazima muziki kwa mkono wake. Yaliyofuata yalisemwa kwa Kifaransa na sikuyaelewa, lakini niliona Mama Faida akijishika nyuma, akivuta kitambaa atazame, asione, avute tena. Niliona uso wake ulipojua. Uenyekiti alivuliwa pale pale, kwa kumtukana mkuu wa nchi, na nafasi aliyoahidiwa ng'ambo ikaishia hapo. Nimeona mengi mazuri maishani, nimeolewa, nimezaa, lakini uso ule nauweka karibu na juu.

Alikuja kwetu jioni ile, sauti imemkauka, akamwita mama mchawi na muuaji. Mama alimngoja amalize.

"Kitambaa ulileta wewe," alimwambia, "na makalio umekuja nayo."

Tulikwenda kambini mama alipopata nauli. Baba alitupokea kwenye soko lililo pembeni, pale wakimbizi na wenyeji wanapouziana mahindi na mafuta ya mawese. Alikuwa amekonda, na kifua kilipiga mluzi ingawa mvua zilikuwa hazijaanza. Mama alimsimulia kila kitu, mama yangu asiye na maneno, akasimama hata na kuonyesha marinda yalivyopanda. Baba alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Alicheka akakohoa, akakohoa akacheka, akauliza walicheza wimbo gani, na alipoambiwa akapiga paja. Nilikuwa sijamwona hivyo tangu achukuliwe, nikataka nami niongeze la kumchekesha.

Nikasema, "Na alituahidi atakurudisha, tukimshonea vizuri."

Baba alinitazama, halafu akamtazama mama. Kicheko kilimwisha polepole, kikabaki kile kifua tu.

"Alisema hivyo?"

"Alisema," mama alijibu.

"Na aliweza?"

Mama alikuwa anafungua kitambaa cha mihogo tuliyomletea. Alisema hajui. Baba alichukua mhogo, akaukata vipande vitatu, akatugawia, akasema mwanamke yule hakuwa wa kuaminiwa hata kidogo. Alilisema mara mbili. Tukala. Alipotusindikiza alinishika bega njia nzima, na kwa mama alikuwa mpole kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Mvua za mwaka ule zilimkuta huko huko kambini, na kifua chake hakikuzivuka.

Watu wazuri wameniambia nimsamehe Mama Faida, kwamba naye alikuwa mkimbizi, naye aliogopa. Sitaki. Kumchukua baba lilikuwa kosa moja, na kwa hilo tulimlipa. Kosa la pili ni ile ahadi. Alituachia ahadi ambayo hakuna atakayejua kamwe kama ilikuwa ya kweli, na kwa hilo sijaona adhabu inayomtosha, hata ningemshonea sketi mia.

Mama sasa ni mzee, macho hayaoni tundu la sindano, mimi ndiye namtungia uzi. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa miguuni pake namtungia, akaniuliza, bila kutanguliza lolote, kama ingekuwa mimi ningekata vipi ile sketi. Nikamwambia ningekata vile vile.

"Mimi ningekikwepa kile kichwa," alisema, akanyoosha mkono nimpe sindano.